Nirekodi Vipi Harakati za Akina Mama wa Kijijini bila ya Kuwaponza?

SWALI

Mheshimiwa Mhariri, mimi ni mkaazi wa Likoni, lakini mamangu mzazi ni mtu wa Kwale. Kijijini kwao pana akina mama ambao, wakipata habari kwamba mwenzao amepigwa na mumewe, hujifunga leso za sare, wakaenda pamoja hadi kwa mwenye nyumba na kuketi uani bila ya kumtukana mtu, wala hawaondoki mpaka mzee wa kijiji aitwe na jambo lisemwe hadharani. Hawana ofisi wala mfadhili. Ningependa kuihifadhi historia yao kwa maandishi na kwa video za simu, ila shangazi yangu, ambaye ni mmoja wao, ameniambia, “Mwanangu, utatuanika.” Je, nianzie wapi?

Msomaji, Likoni, Mombasa

JIBU

Ndugu msomaji, anzia kwenye neno hilo la shangazi yako. Kijijini mtu hatambuliwi kwa uso peke yake. Leso, mlango, sauti, hata mbuzi aliyefungwa nyuma ya jiko humjulisha jirani ni nani anayesema, na kwa hiyo kuufifiza uso kwenye video hakumfichi mtu kwa wale hasa ambao anawaogopa.

Ushauri wangu ni kwamba ulenge harakati, si majeraha. Wageni wenye kamera hupenda kumwomba mwanamke aeleze alivyopigwa, naye akishaeleza, wao huondoka na yeye hubaki na mume, mawifi na majirani walioisikia habari hiyo. Unachopaswa kukihifadhi ni yale yasiyojulikana nje: ni nani hupeleka habari nyumba kwa nyumba, leso zilinunuliwa kwa mchango gani, kwa nini waliamua kuketi badala ya kupiga kelele, mzee wa kijiji alisema nini mara ya kwanza, na siku gani walikwenda wakarudi bila ya kufanikiwa. Siku hiyo ya kushindwa usiiache, hata wakikuomba uipambe.

Jihadhari pia usiifanye historia yote kuwa ya mtu mmoja. Huko India, katika wilaya ya Banda jimboni Uttar Pradesh, Sampat Pal alianzisha mwaka 2006 kundi la wanawake wa vijijini wenye sari za waridi na fimbo mkononi, wakiwakabili waume wapigaji na maafisa wazembe. Kundi hilo, Gulabi Gang, lilijulikana duniani kupitia filamu na magazeti, lakini sehemu kubwa ya habari hizo ilimzunguka yeye. Mwaka 2014 wenzake walipomwondoa katika uongozi, wasomaji wengi wa mbali hawakuwa na jina jingine la kulishika. Kwenu, mpe nafasi hata yule ambaye kazi yake ni kubaki na watoto wa wenzake.

Kuhusu ridhaa, hapa Kenya Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inataka mtu akubali kwa hiari akiwa anaelewa taarifa zake zitatumikaje, na inamruhusu kuiondoa ridhaa yake baadaye. Kukubali mbele ya kundi si hiari kamili, kwa sababu mtu huona haya kukataa wenzake wakikubali. Muulize kila mmoja faraghani, kisha umrudie baada ya siku kadhaa. Waonyeshe wao kwanza ulichorekodi, nao wakisema kifutwe, kifute.

Ikiwa jambo limekwisha kufika polisi, usimhoji aliyeumizwa kulihusu, kwa maana maneno aliyokwambia yanaweza kulinganishwa mahakamani na ushahidi wake, neno kwa neno. Usimtaje kwa jina mume ambaye hajahukumiwa. Na ikiwa umefika siku ya tukio lenyewe, weka simu mfukoni: aliyebakwa anahitaji kufikishwa hospitali mapema, kwani dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI huanzishwa ndani ya saa 72. Kwa mke anayepigwa, Sheria ya Kinga dhidi ya Ukatili wa Nyumbani ya mwaka 2015 inaiwezesha mahakama kutoa amri ya kumlinda; wajulishe akina mama hao, maana huenda wanategemea uani na mzee wa kijiji peke yake. Waambie vilevile kwamba ubakaji si jambo la kumalizwa na wazee kwa mbuzi au fedha.

Mwisho, simu yako inashikwa na nani nyumbani? Ikiwa ndugu na watoto huichezea, hamishia rekodi kwenye kadi nyingine siku hiyo hiyo, uzifute simuni, na nakala moja umkabidhi yule anayeweka daftari la chama chao.