Kwa mnaoanza kazi za kuzibua na kukagua mabomba ya maji ya mvua

Wiki iliyopita nilipita saiti moja hapa Dar, nikakuta vijana wanashusha nozeli, kile kichwa cha mpira wa maji ya shinikizo, kwenye chemba ya juu na kupiga maji kuelekea chini. Tope waliloopoa asubuhi wamelirundika hatua mbili kutoka mdomo wa chemba, na wingu limeshafunga. Nikauliza mhandisi wao yuko wapi. Kaenda kufuatilia cheti cha malipo. Haya, tuongee, wadogo zangu.

1. Someni masharti ya kazi, msiishie kwenye BOQ, ile orodha ya vipimo na bei. Nawajua: mnafungua ukurasa wa bei, mnaona mita za bomba la milimita 600 na za 900, mnazidisha, mnachekelea. Yanayowatafuna yako kurasa za nyuma, kwamba nani analeta maji, vizibo vinafungwa wapi, tope linamwagwa wapi. Kama ni dampo la Pugu na hukuweka bei ya lori, utalilipia mwenyewe.

2. Pigeni kutoka chini kwenda juu. Nozeli inaingia chemba ya chini, inajisukuma kwa maji yanayoruka nyuma yake, kisha mnaivuta taratibu, na ni ule mvuto wa kurudi ndio unaosafisha. Chemba hiyo mnaiziba upande wa kutokea, tope linakusanyika hapo, gari linalifyonza.

Nasisitiza kizibo kwa sababu mimi nilipiga bila kizibo. Nilikuwa mhandisi wa saiti, kijana, najua kila kitu. Laini yetu iliishia kwenye kalavati la barabara, na kalavati halikuwamo kwenye mkataba. Vizibo vilikuwa vimeagizwa, havijafika. Gari la kufyonza tulikodi kwa siku, na vuli inabisha hodi. Nikamwambia fomeni, mtu mzima wa kunizaa, apige tu, maji yatabeba. Akaniangalia, akasema, "Mkuu, huu mchanga hatuutoi, tunausindikiza." Nikacheka, nikamwambia aendelee.

Kwenye bomba tulikuta pakiti tele za pombe ya viroba. Viroba vilipigwa marufuku Machi 2017, kwa hiyo niliona nimepata ushahidi mzuri kwamba laini haikuguswa miaka. Nikazipiga picha, nikaziweka kwenye ripoti na maelezo ya mbwembwe. Video ya kamera ya ndani ya bomba ikatoka safi, bomba jeupe, mhandisi mshauri akasaini vipimo.

Mvua ya kwanza ikaja. Kalavati likajaa mchanga mpaka karibu na dari, maji yakarudi nyuma, yakaingia duka la vifaa vya ujenzi pembeni ya barabara. Nilipofika, safu ya chini ya mifuko ya saruji ilikuwa imeshaganda, kila mfuko jiwe. Mwenye duka hakunifokea. Ningependa angefoka. Mhandisi mshauri naye akachuchumaa kwenye mdomo wa kalavati, akaokota pakiti ya kiroba, akaisuuza kwenye dimbwi, akanionyesha. Hakuhitaji kuuliza imetoka wapi, ripoti yangu mwenyewe ilishamwambia. Tulilichimba lile kalavati kwa koleo na ndoo, bila senti, pesa ya dhamana ikazuiwa, na saruji ya yule mzee bosi wangu akailipa. Fomeni alishika koleo pamoja nasi, na mpaka kazi inakwisha hakunikumbusha neno lake hata mara moja. Bado namheshimu kwa hilo.

3. Gesi. Msiniambie hili ni bomba la mvua, si la maji taka. Mnajua watu wanavyotapisha vyoo mvua ikinyesha. Pimeni kabla ya mtu kushuka na muendelee kupima akiwa chini: oksijeni ikiwa chini ya asilimia 19.5, hashuki mtu. Pua msiiamini, ile gesi ya yai viza ikizidi inaua uwezo wa kunusa, mtu anadhani imeisha kumbe ndiyo inammaliza. Awepo mlinzi juu, kamba, na tripodi, ile stendi ya miguu mitatu ya kumvutia mtu juu. Na mwenzenu akianguka chini, asimfuate mtu bila vifaa! Anayekimbilia kuokoa ndiye maiti ya pili.

4. Kamera inaingia baada ya kusafisha, maji yakiwa yamepungua. Kaunta, yaani kihesabu umbali cha kamera, ianze sifuri kwenye ukuta wa chemba. Msizidi mita 9 kwa dakika, simameni kwenye kila kiungo, zungusheni lenzi. Nimeona video inayokimbia kama bodaboda wa Kariakoo, halafu kijana ananiandikia "hakuna kasoro". Ungeionaje? Mkikuta bomba la mtu limetobolewa kuingia kwenu, andikeni umbali na upande lilipoingilia, mkilichukulia duara la bomba kama uso wa saa: kwenye namba 3, kwenye namba 10. Kuling'oa si kazi yenu mpaka muagizwe kwa maandishi.

5. Picha za kabla, kabla. Mfuniko uliovunjika piga picha siku ya kwanza, la sivyo umeuvunja wewe.

6. Majina ya faili. Namba ya chemba ya kuanzia, ya kuishia, kipenyo, tarehe. Juzi nimeletewa flashi yenye "video mpya", "video mpya 2" na "hii ndiyo yenyewe". Nimeirudisha bila kuifungua.