Mkuu anataka majalada ya zamani yachomwe. Nifanyeje?

SWALI: Ni mtunza kumbukumbu katika halmashauri moja hapa Tanzania. Masjala imejaa, majalada mengine yamelala sakafuni. Mkuu wangu anataka yote yaliyopita miaka 10 yachomwe. Nitekeleze?

JIBU: Weka kiberiti chini kwanza. Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa Na. 3 ya mwaka 2002 haimwachii mkuu wa ofisi ya umma kuteketeza atakavyo. Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa ndiyo yenye neno.

Halafu umri peke yake hauamui. Jalada la maandalizi ya semina ya mwaka juzi huenda halina kazi tena, lakini jalada binafsi la mtumishi aliyeajiriwa 1988 bado linahitajika. Nikiwa mgeni kazini tulirundika "ya zamani" kwenye stoo yenye mchwa. Siku moja akaja mstaafu anayefuatilia mafao, anaitafuta barua yake ya ajira ya kwanza. Tulimtolea jalada lililobaki mgongo tu. Sijaisahau sura yake.

Anza na visivyo na ubishi: nakala za ziada za waraka uleule, magazeti, kadi za mialiko. Utashangaa rafu zinavyopumua.

Kwenye majalada yenyewe, usidanganywe na tarehe ya kufunguliwa iliyo juu ya ganda. Tazama folio ya mwisho, yaani karatasi yenye namba ya mwisho ndani ya jalada. La 1994 linaweza kuwa na barua ya mwezi uliopita. Likiwa nene mno, lifunge, ufungue juzuu ya pili, na kila moja limtaje mwenzake. Yaliyokaa miaka bila kuguswa yaorodheshe: namba, jina, tarehe ya folio ya kwanza na ya mwisho, namba ya boksi. Orodha hiyo ndiyo itakayoombewa kibali cha kuteketeza, au cha kuhamishia kumbukumbu tuli (zisizotumika mara kwa mara) Kituo cha Taifa cha Kumbukumbu, Dodoma. Ardhi, kesi na mihtasari ya Baraza la Madiwani usiviingize kwenye rundo la kuteketezwa.



Mkuu wako usibishane naye mlangoni. Mwandikie dokezo, ambatanisha orodha, na dokezo hilo lipigwe namba ya folio kama barua nyingine yoyote.