Baba aniuliza ana nini, nami nimeapishwa nisimwambie

*Shangazi, asalaam alaykum. Babangu ana miaka 74, alifanya kazi bandarini Kilindini mpaka akastaafu. Amekonda ghafla, na madaktari wametwambia ni kansa ya ini, imeshaenea, hapana upasuaji wala dawa ya kuiondoa. Kakangu mkubwa, aliyeko Maskati, alituapisha sote tusimwambie. Baba ajua ana vidonda vya tumbo. Kaka ataka tuuze nyumba yetu ya Kibokoni tumpeleke India. Daktari naye aliniita kando akaniuliza, hali ikizidi, twataka atiwe mashine ya kupumulia? Kaka asema nikikataa nitakuwa nimemuua babangu. Mimi ndiye ninayelala naye usiku. Juzi alinishika mkono akaniuliza, "Mwanangu, hawa wasema nina nini hasa?" Nikamwambia alale. Je, nimekosea?*
*Binti wa Kibokoni*

Waalaykum salaam, mwanangu. Hukukosea. Ulishikwa na swali zito usiku, peke yako, huku kiapo kimekukaa shingoni. Lakini atakuuliza tena, na mara hiyo usimwambie alale.

Nianze na kiapo, maana najua ndicho kinachokutesa. Mtume (SAW) amefundisha kwamba aliyeapa kisha akaona jambo jingine lina kheri zaidi, alifanye lile lenye kheri na akitolee kafara kiapo chake. Kafara yenyewe iko ndani ya Sura ya Maida: kulisha maskini 10 au kuwavisha, na asiyeweza afunge siku 3. Muulize sheikh wenu akueleze vizuri. Msikiti haukosekani hapo Mji wa Kale.

Sasa tazama haya mliyoyapanga. Nyumba ni ya babako. Mtaiuzaje bila ya sahihi yake? Mtamwambia auze nyumba aliyowalelea kwa sababu ya vidonda vya tumbo? Mtu aliyehesabu makasha bandarini maisha yake yote hawezi kushindwa na hesabu hii. Naamini ameshajua, mwanangu. Anapokushika mkono usiku hatafuti jina la ugonjwa. Atafuta mtu wa kuwa naye ndani ya habari hiyo, maana nyote mmemwacha humo pekee.

Mamangu mzazi tulimfanyia hivyo hivyo. Tulimwambia ni baridi yabisi. Alikuwa hasemi na dadake wa Likoni kwa miaka mingi, kwa ugomvi wa shamba, na hatukumwita khaloo kwa kuogopa kwamba mama akimwona mlangoni atajua anakufa. Akafa hawajatakana radhi. Khaloo alikuja kumwosha. Kilio chake siku ile sijakisahau, na nikikuandikia haya nakisikia. Babako naye huenda ana deni analolijua mwenyewe, amana ya mtu, ndugu wa kupatana naye, wasia wa kuandika katika thuluthi ya mali yake. Mkimficha, mnamnyang'anya siku zake za kuyatengeneza hayo.

Sheria nayo iko upande wake. Sheria ya Afya ya Kenya ya mwaka 2017 inampa mgonjwa haki ya kuelezwa hali yake na matibabu yaliyopo, na haki ya kuyakataa. Yamruhusu pia amteue kwa maandishi mtu wa kumwamulia siku atakapokuwa hawezi kusema. Kwa hivyo lile swali ulilotupiwa kando ni la babako, aulizwe yeye angali ana ulimi. Daktari aliyekuita korido hakukutendea haki, ingawa najua wengi hufanya hivyo kwa kuwaonea imani wazee.

Namna ya kumwambia: ngoja baada ya laasiri, ameshakula kidogo, maumivu yametulia. Usianze kwa kueleza. Muulize, "Baba, wewe mwenyewe waona hali yako vipi?" Kisha: "Wataka uelezwe yote, au wataka tuyabebe sisi?" Akisema hataki kujua, hiyo ni haki yake, na hapo muulize tu nani amsemee. Akisema ataka, mwambie ugonjwa kwa jina lake, mwambie madaktari hawana dawa ya kuuondoa, kisha nyamaza. Ule ukimya ni mgumu kuliko maneno, nawe usiujaze. Usimtajie miezi, hapana ajuaye. Na usimwambie kwamba hapana la kufanywa, kwa sababu lipo.

Liko la maumivu. Coast Hospice wako hapa hapa Mombasa, na kazi yao ni wagonjwa wa namna hii: kutuliza maumivu, kichefuchefu, kukosa pumzi, na kuwashika mkono watu wa nyumbani pia. Waulize jinsi ya kumuuguza nyumbani. Watakapomwandikia mofini ya maji, utasikia jamaa wakinong'ona kwamba mzee ataingizwa uteja wa dawa za kulevya. Katika mji huu uliozika vijana wengi kwa unga wa heroini, naielewa hofu hiyo. Lakini mofini inayopimwa na daktari kwa maumivu ya kansa si unga wa vichochoroni. Siku za mwanzo huenda akasinzia, na choo kitakuwa kigumu, hivyo ombeni dawa ya choo pamoja nayo. Mpeni kwa saa zake, usiku na mchana. Msingoje mpaka alie.

Na mashine. Mashine ya kupumulia humsaidia mtu ambaye mapafu yake yataka muda ugonjwa upite. Kansa ya babako haipiti. Atalazwa usingizi kwa dawa, mpira kooni, hawezi kutamka shahada wala kuwaambia neno. Moyo ukisimama wakamkandamiza kifua, mbavu zaweza kuvunjika, na kwa mgonjwa wa hali hii ni nadra sana kurudi. Kuikataa si kuua. Kumdunga mtu dawa ili afe ni haramu na ni jinai, na hapana aliyekuomba hilo. Kamati ya kudumu ya fatwa ya Saudi Arabia ilishalijibu swali hili mwaka 1409 Hijria: madaktari watatu waaminifu na wajuzi wakikubaliana kwamba ugonjwa hautibiki na mauti yamekaribia, hapana haja ya mashine za kufufulia moyo. Mpelekee kakako. Mkumbushe pia yule mwanamke aliyekuwa na kifafa, Mtume akamhiyarisha kati ya kuombewa apone na kusubiri apate Pepo, naye akachagua kusubiri.

Kakako usimfanye adui. Aliye mbali hasikii mzee akiguna usiku. Alicho nacho ni fedha na simu, na India ndiyo njia yake ya kusema nampenda baba. Mwombe jambo moja: atume karatasi na picha zote kwa hospitali ya huko kabla ya kuuzwa hata tofali, awaulize watampa babako nini ambacho hapa hakipatikani, na kitamwongezea siku gani, za kitandani au za barazani. Jibu aliandike, mlisome pamoja. Babenu naye alisome.

Kisha mwambie achukue likizo sasa, asingoje simu ya msiba. Akitua uwanja wa ndege wa Moi nenda kampokee mwenyewe, na mwambie garini, kabla hamjafika Kibokoni, kwamba baba ameshajua.