Ekari 5 za misindano na dalali mlangoni: usiuze kwa macho

Mkuu, umesema una ekari 5 za misindano (miti ya paini) ya miaka 9 huko Mufindi, dalali amekuja anataka azinunue zote "kama zilivyo", na wewe ada za watoto za Januari zinakubana. Jibu langu ni kwamba usimpe zote. Muuzie ile inayostahili kutoka, bakiza iliyo bora, na kabla hajarudi uwe umeshajua mwenyewe shambani kuna nini. Mimi pia nalima miti wilaya hiyohiyo. Nimeuza kwa shamba zima, nimeuza kwa mti mmojammoja, na nimewahi kukodi mashine nikauza mbao, kwa hiyo naongea ninachokijua.

Dalali akizunguka shamba nusu saa kisha akataja bei, usidhani anabahatisha. Anajua gogo la unene gani linatoa mbao ngapi za inchi 2x4 na ngapi za 2x6, na anajua lori linabeba kiasi gani hadi Dar. Asiyejua ni mwenye shamba. Mazungumzo ya namna hiyo yanakuwa yameshaisha kabla hayajaanza.

Kupima hakuhitaji mtaalamu. Chukua futi ya fundi cherehani, ile ya sentimita 150, daftari, na kamba uliyoipima mita 5 na sentimita 64. Ingia ndani ya shamba, sio pembezoni, maana miti ya ukingoni hupata mwanga mwingi ikanenepa, itakudanganya. Chomeka kijiti, funga kamba, zunguka nayo: duara hilo ni mita za mraba 100, na ekari moja ina maduara kama hayo 40 hivi. Kila mti uliomo, zungushia futi kwenye shina kwa kimo cha mita 1.3 kutoka ardhini. Kama ni mteremkoni, simama upande wa juu. Kwangua magamba yaliyolegea kwanza, halafu andika. Mikono itajaa utomvu, vaa nguo za kazi. Mzunguko wa sentimita 63 maana yake unene wa sentimita 20. Mzunguko wa 94 ni unene wa 30. Rudia kwenye maduara matatu au manne kwa kila ekari, sehemu tofauti: bondeni, katikati, juu. Hapo ukichukua wastani wa duara moja ukazidisha kwa 40 unapata idadi ya miti ya ekari na unene wake, na hakuna wa kukutisha. Kama ulipanda mita 3 kwa 3 na haijafa mingi, kila duara litakupa kama miti 11.

Sasa kwa nini nasema miaka 9 ni mapema. Tuchukue msindano wenye unene wa sentimita 20 na urefu wa mita 15. Ujazo wake ni kama mita za ujazo 0.2. Mti huohuo ukifika unene wa 30 na urefu wa mita 20, ujazo unakuwa kama 0.64, yaani mara tatu. Na si ujazo tu. Gogo la sentimita 20 ukishalitoa magome na mabanzi haliwezi kukupa 1x10, kwa sababu inchi 10 peke yake ni sentimita 25. Linakupa 2x2, 2x3, 2x4, mbao ambazo kila mtu anazo sokoni Mafinga. Mbao pana ndizo zenye mnunuzi anayekuja mwenyewe, na viwanda vya vinia (tabaka nyembamba za mbao) navyo vinataka gogo nene, lililonyooka, lisilo na vifundo. Ile miaka mitano au sita ya mwisho ndiyo inayolipa kazi ya miaka yote ya mwanzo, na ndiyo wengi wetu tunamwachia mnunuzi. Inaniuma sana kuona mlima mzima umekatwa ukiwa mchanga kwa sababu ya ada ya muhula mmoja.

Lakini ada ni ada, haisubiri. Ndiyo maana nakwambia upunguzie. Katika ekari 5 lazima ipo miti iliyopinda, yenye panda, iliyovunjika kilele, na ile iliyofunikwa na wenzake ikabaki myembamba. Hiyo haitakuwa mbao nzuri hata ukiipa miaka 20, na kwa sasa inanyang'anya maji na mwanga iliyo bora. Toa hiyo, mwisho theluthi moja ya miti yote, usizidishe, maana shamba lililozoea kusongamana ukilifungua ghafla upepo unaliangusha. Inayotoka utaiuza kama mirunda na mbao ndogondogo.

Jambo la kushikilia hapa: anayechagua ni wewe. Mnunuzi ukimwambia "punguza", atakata minono akuachie kimbaumbau. Nunua kopo la rangi, pita mstari kwa mstari, weka alama kwenye kila mti unaotoka, kifuani na chini karibu na ardhi. Ile ya chini ndiyo muhimu. Mti ukishaondoka, kisiki kisicho na rangi ni ushahidi wako. Jirani yangu mmoja alikubaliana kwa mdomo tu na mnunuzi, akaenda msibani, akarudi akakuta nusu ya miti yake bora iko chini. Hakuwa na alama wala karatasi, akakosa hata pa kuanzia.

Karatasi ndiyo hii: idadi ya miti yenye alama, bei kwa mti, siku ya mwisho ya kukata, fidia kwa kila mti usio na alama ukikatwa au kuvunjwa, nani analipa ushuru, na kwamba gari haliondoki shambani kabla hela haijaingia. Mtendaji wa kijiji ashuhudie na agonge muhuri. Andika pia kwamba wafanyakazi hawapiki ndani ya shamba. Moto wa Septemba na Oktoba ni hatari kwetu sisi wadogo, na matawi makavu yaliyotapakaa baada ya kukata ni petroli. Yaondoe kwenye njia ya kuzuia moto siku hiyohiyo.

Vibali kwa kifupi: anza na barua ya kijiji inayothibitisha shamba ni lako (kama una hati miliki ya kimila, vizuri zaidi), nenda kwa afisa misitu wa wilaya, na mzigo usitoke bila hati ya kusafirishia ya TFS (Wakala wa Huduma za Misitu), ile tunayoiita TP. Ushuru wa halmashauri uulize kabla ya kupanga bei.

Kuhusu kukodi dingdong (mashine ya kuchana mbao yenye msumeno wa duara) uchane mwenyewe, kwa miti hii myembamba sikushauri. Msumeno wake ni mnene, na sehemu kubwa ya gogo jembamba inaishia kuwa vumbi na mabanzi. Iliyobaki ikikomaa, tafuta mwenye mashine ya msumeno wa utepe, hata kama anatoza zaidi.

Kama kijijini kwenu kuna kikundi cha wakulima wa miti, jiunge. Vingi vilipata nguvu kupitia programu ya Panda Miti Kibiashara iliyoanza 2014 kwa fedha za Finland na serikali yetu. Mkiuza wanne watano kwa pamoja, mnunuzi anawafuata mlipo na bei mnaitaja ninyi.

Pogolea pia hiyo itakayobaki, kwa msumeno, sio panga, ukate karibu na shina bila kulijeruhi. Halafu pima wiki hii, uweke hapa idadi na unene ulioupata kwenye kila duara. Nitakupigia hesabu ya miti mingapi itoke, ili dalali akirudi umpokee na daftari.