Sigara Zangu, Sikio la Mwanangu

Juzi msomaji wa Nzega kaniandikia: "Kaka, kila mwezi nameza antibiotiki lakini koo halitulii. Navuta sigara tano tu kwa siku. Nifanyeje?"

Hiyo "tu" ilinichekesha. Nimeisema miaka 11.

Mimi ni mtoto wa Urambo. Msimu wa kukausha tumbaku nilikuwa nakesha bani, banda la kukaushia, nachochea kuni, moto usizimike. Kwetu sigara haikuwa dhambi, ilikuwa ada ya shule. Halafu wazee wanakwambia moshi unaua wadudu: mizinga tunaifukizia, mbu tunawafukizia, koo je? Nikaamini. Mafindofindo yakinishika nanunua vidonge nusu dozi, nalaumu vumbi la Tabora.

Kilichonivunja ni sikio la binti yangu. Alikuwa na miaka miwili. Kila akipata mafua, asubuhi foronya ina usaha. Daktari akamchungulia, akainuka, akanusa shati langu. "Baba, unavutia wapi?" Nikasema kibarazani, tena dirisha nafunga. Mke wangu akainama, akawa anamfunga mtoto kifungo ambacho kilishafungwa. Kimya kile kinaniuma hadi leo kuliko maneno ya mama mkwe, ambayo nayo sijayasahau.

Daktari akanieleza taratibu. Puani na kooni wanaishi bakteria wengi. Wamo walinzi, wanaokalia nafasi na kuwabana wale wabaya kama Streptococcus pneumoniae, anayeleta nimonia na maradhi ya masikio, na mwenzake Haemophilus influenzae. Moshi unawapunguza walinzi, unalemaza vijinywele vinavyosukuma makamasi nje, wabaya wanapata pa kujishikiza. Kisha unambeba mtoto, unamkoholea hao hao. Yaani wadudu nilikuwa nawafuga mwenyewe!

Mwaka 2007 madaktari wawili wa Marekani, Itzhak Brook na Alan Gober, walichapisha matokeo ya watu wazima 20 waliopimwa kabla ya kuacha sigara, wakapimwa tena miezi 12 hadi 15 baada ya kuacha. Wabaya walikuwa wamepungua, walinzi wameongezeka. Miezi, ndugu yangu. Wewe unaacha Jumatatu, Alhamisi unauliza mbona koo bado.

Ushauri wangu? Acha. Usipunguze, acha. Nilipunguza mara nne, kila mara nikarudi na pakiti kubwa zaidi. Hama kijiwe kama wenzako wote wanavuta. Mimi nilihama, wakaniita mlokole. Vidonge vya kubahatisha navyo acha, kapimwe koo. Na kibarazani si nje, mtoto anakupokea na shati lako. Narudia: acha.

Mimi nina miezi 14. Mwaka huu binti kapata mafua mara mbili, foronya kavu. Nikienda Urambo mzee bado ananinyooshea msokoto. Nikikataa, anauchomeka nyuma ya sikio lake, tunaendelea na habari za bei ya tumbaku.