Kichanga kubambuka ngozi
Mama, umeuliza kama kichanga wako wa siku tano kubambuka ngozi ni ugonjwa. Hapana, si ugonjwa. Tumboni alikuwa kwenye maji, amefunikwa na ule utando mweupe kama krimu. Akishatoka hewani, tabaka la juu hukauka na kuachia lenyewe, hasa viganjani, nyayoni na kwenye vifundo vya miguu. Waliozaliwa baada ya wiki 40 hubambuka zaidi. Wangu wote wawili walipitia hayo, yakaisha bila dawa. Usimsugue kwa dodoki, na tafadhali usivute kipande hata kama kinaning'inia, chini yake ngozi bado mbichi. Ila ukiona malengelenge, usaha au mwili una joto, mpeleke kituo cha afya leo leo.