Mama anatembea na fimbo, tunataka kruzi ya Mto Rhine bila ziara za kikundi: tuchague nini?

SWALI: Shikamoo. Mi naishi Mannheim, mwakani namleta mama kutoka Tanga. Ana miaka 71, magoti yote mawili yanamsumbua, anatembea na fimbo kama dakika kumi hivi halafu lazima akae, na ngazi anapanda moja moja huku ameshika ukuta. Nimeona kruzi za wiki moja kati ya Basel na Amsterdam na nimezipenda sana, ila kila siku kuna matembezi ya kikundi, masaa mawili matatu kwa miguu. Mama hawezi, na sitaki ajisikie anachelewesha watu. Tukiziacha hizo ziara zote tutakuwa tumetupa hela? Kabini gani tuchukue? Na wilichea tubebe ama tuache?

JIBU: Marhaba dada, na hongera kwa kumleta mama. Jibu fupi ni kwamba Rhine ndo mto mzuri kuliko yote Ulaya kwa mtu asiyetaka ziara za kikundi, maana miji mingi iko hapohapo ukingoni na sehemu nzuri kuliko zote inaonekana mkiwa mmekaa ndani ya meli. Kwa hiyo ziara zisikuumize kichwa. Kitu ambacho watu wengi hawakiulizi mpaka wameshalipa, na mi kazi yangu ni kupanga safari hizi kwa hiyo nakiona kila msimu, ni mama atatokaje melini na atarudije. Hapo ndo nitakaa sana.

Meli za mto siyo kama zile za baharini zenye lifti kumi. Zimejengwa nyembamba ili zipite kwenye yale malango ya kupandishia na kushushia maji, Wajerumani wanaita Schleuse, na mengi kwenye njia ya kwenda mto Danube, ambako meli hizihizi nazo hupita, yana upana wa mita 12 tu, ndo maana meli nyingi utakazoziona zina upana wa mita 11 na nusu hivi na urefu wa mita 110 au 135. Sasa ukishabana upana namna hiyo, korido zinakuwa nyembamba, milango ya bafu inakuwa myembamba, na mara nyingi bafu lina kizingiti cha kuruka. Lifti ikiwepo ni moja, na kwa kawaida inapanda kutoka deki ya kati mpaka ya juu basi, haishuki deki ya chini kabisa na haifiki kule juu juani. Meli nyingine haina lifti kabisa, na tangazo halitakuambia, utaona tu picha ya watu wanakunywa kahawa.

Sasa daraja la kushukia. Ni ule ubao wa chuma wenye reling, yaani vyuma vya kushikia, pande mbili unaotandikwa kati ya meli na gati, na mteremko wake unategemea maji ya siku hiyo, leo uko karibu sawasawa, kesho maji yakipungua unapanda kama paa la nyumba. Mtu wa fimbo anaupita kama reling ziko pande zote mbili na kuna baharia anamshika mkono, na mabaharia wengi wa mtoni ni watu wazuri sana kwa hilo, lakini kumbeba mtu akiwa amekaa kwenye wilichea mara nyingi hawaruhusiwi. Halafu kuna jambo lingine ambalo ndilo linalowaliza watu. Kwenye miji yenye meli nyingi, meli zinafungwa ubavuni, moja kando ya nyingine, mbili, tatu, wakati mwingine nne. Ya kwako ikiwa ya nje inabidi mpite ndani ya hizo nyingine ili kufika nchi kavu. Milango ikilingana mnapita mapokezi hadi mapokezi, hakuna shida. Isipolingana mnapandishwa mpaka juu kabisa, mnavuka kwenye deki ya jua, mnashuka upande wa pili, na zile ngazi ni za chuma, zimesimama wima, lifti haifiki. Kwa magoti ya mama hiyo ni siku nzima imeharibika, na inaweza kutokea usiku meli ingine ikija kufunga mkiwa mmeshashuka kwenda mjini.

Kwa hiyo kabla hujalipa hata senti ya mwanzo tuma imeili, siyo simu, imeili, ili jibu libaki kwa maandishi. Uliza meli yenyewe kwa jina maana kampuni moja inaweza kuwa na meli mpya na meli ya zamani zinazopita njia hiyohiyo. Uliza lifti inagusa deki zipi, na chumba cha chakula na ukumbi viko deki zipi. Uliza mlango wa bafu una kizingiti cha sentimita ngapi na kuna kishikio ukutani. Uliza kwenye ratiba yako ni miji gani ambako kawaida mnafunga ubavuni mwa meli zingine. Uliza pia kama meli inabaki palepale wakati wa ziara au inaondoka na kuwasubiri watu mji wa mbele, hili nitalirudia. Wakikujibu kwa maneno ya jumla jumla, "wageni wetu wote wanafurahia", hao waache, tafuta wengine.

Kabini: chukua deki ya kati, karibu na lifti, mbali na nyuma ambako kuna injini. Ya chini kabisa ni rahisi kweli, ila dirisha liko juu karibu na dari, maji yako usawa wa macho, na kila mlo ni ngazi. Ya juu ina dirisha kubwa la kufungua, nzuri, kama hela ipo chukua, lakini usijibane kwa ajili yake maana meli zikifungwa ubavuni unafungua pazia unakutana na jirani anapiga mswaki.

Upande wa kuanzia nakushauri muanzie Amsterdam mje mmalizie Basel, msianzie Basel, ingawa Basel ndo karibu na wewe. Kwanza kuna sheria ya Umoja wa Ulaya namba 1177/2010 ya haki za abiria wa majini, inafanya kazi tangu Desemba 2012, na kwenye kruzi inashika pale bandari ya kupandia ikiwa ndani ya nchi mwanachama. Uholanzi ni mwanachama, Uswisi siyo. Kwa sheria hiyo wanatakiwa wampe mama msaada wa kupanda na kushuka bila malipo, wewe wajibu wako ni kuwaambia angalau masaa 48 kabla, na yale yanayohusu kabini na vifaa unayasema palepale unapobuku. Wakikiharibu kiti chake cha magurudumu kwa uzembe wao wanakilipa. Wanaweza kukataa abiria kwa sababu ya usalama au muundo wa meli, ila wakuambie sababu. Pili, kutoka Amsterdam meli inapanda mto, inakwenda polepole, na polepole ndo mnayoitaka kwenye lile bonde. Tatu mkimaliza Basel treni ya moja kwa moja inawafikisha Mannheim, mama hafiki amechoka na viwanja vya ndege.

Lile bonde sasa. Kati ya Koblenz na Bingen kuna kilomita 65 hivi ambazo UNESCO waliziweka kwenye urithi wa dunia mwaka 2002, majumba ya kale ya ngome juu ya kila kilima, mizabibu imepandwa kwenye miteremko mpaka unajiuliza wanavunaje. Hakuna ziara ya kikundi inayoshinda kukaa mbele ya meli hapo. Mtafutie mama kiti mapema kwenye ukumbi wa mbele wenye vioo, meli nyingi zina kibaraza kidogo nje ya ukumbi huo ambacho lifti inafika. Deki ya jua siku hiyo haifungwi kwa ajili ya madaraja maana kati ya Koblenz na Mainz hakuna daraja hata moja, watu wanavuka kwa pantoni, kwa hiyo kama ataweza kupandishwa mara moja asubuhi na akae huko na blanketi, vizuri. Mfundishe kusoma vibao vyeupe ukingoni, vile vina namba za kilomita kuanzia Konstanz. Deutsches Eck, ile ncha pale Koblenz ambako mto Mosel unaingia Rhine, ni 592, na mkipanda namba zinashuka, ikikaribia 554 aangalie kushoto, ule mwamba mkubwa ni Loreley, ikifika 546 kuna kijumba cha ngome katikati ya maji kabisa, Pfalzgrafenstein, hapo zamani wenye meli walilipishwa ushuru. Mtu akishajua namba hahitaji mtembezaji na bendera. Cha kuhakikisha tu ni kwamba ratiba inapita hapo mchana, soma masaa.

Mijini mtashuka wenyewe, wilichea mbebe, ya kukunjwa, ya kusukuma, siyo ya umeme maana za umeme meli nyingi zinazikataa. Hata kama mama anatembea. Atembee daraja la kushukia kwa miguu yake, kiti kipite kimekunjwa, akae mkishafika gati. Chukua yenye magurudumu makubwa nyuma, zile za magurudumu madogo manne zinakwama kwenye mawe ya kizamani ya barabarani. Hapo kwenu Mannheim nenda Sanitätshaus yoyote, yale maduka ya vifaa vya wagonjwa, wanakodisha.

Koblenz ndo mji ningeuweka mbele kwa mama. Ukingo ni tambarare, kutoka gati mnasukumana taratibu mpaka pale Mosel inapoingia Rhine, kando yake kuna kituo cha gari la kamba linaloning'inia hewani na kuvuka mto mpaka ngome ya Ehrenbreitstein. Lilijengwa kwa maonesho ya bustani ya 2011, vibehewa vyake ni vikubwa, kiti kinaingia kama kilivyo na mama juu yake, na kule juu mnaiona mito miwili inavyokutana. Rüdesheim nao wana gari la kamba lakini vibehewa ni vidogo vya kurukia, achana nalo, na ule uchochoro maarufu wa Drosselgasse ni mawe na mteremko na msongamano. Halafu Rüdesheim reli inapita kati ya mto na mji, geti likifungwa mnasimama, kwa hiyo msirudi melini dakika za mwisho. Köln, msifuate njia ya ngazi kutoka mtoni kwenda kanisa kuu, mwambie teksi awashushe upande wa magharibi mbele ya mlango mkubwa, ndani sakafu ni sawa, mnara wake wa ngazi 533 tunauangalia kwa chini. Strasbourg meli zinafunga mbali na katikati, ila tramu ya D inavuka kutoka Kehl, mji wa Ujerumani ng'ambo ya mto, tangu 2017, sakafu yake iko chini, mnaingia bila kunyanyua kitu.

Nilisema nitarudia lile la meli kuondoka. Siku nyingine meli inashusha wa ziara, inatembea, inawachukua mji mwingine na basi limewapeleka. Nyinyi msio na basi mkishuka hapo mmeachwa. Kila jioni wanatoa karatasi ya ratiba ya kesho, iende kwenye mkoba na namba ya simu ya meli na jina la gati, maana gati hubadilika siku hiyohiyo. Teksi msibuku wiki kabla, waambie mapokezi usiku wa kuamkia.

Kuhusu hela: meli zinazouzwa zaidi kwa Wamarekani mara nyingi ziara ziko ndani ya bei, huko kweli mtalipia msichotumia. Zinazouzwa kwa soko la Wajerumani nyingi zinaziuza kando, kifurushi au moja moja, unakataa tu. Wewe uko Ujerumani, tafuta hizo, na tofauti uiweke kwenye teksi na kabini iliyo karibu na lifti.

Msimu: mwisho wa Mei au Juni, theluji ya Alps inayeyuka na Rhine inakuwa na maji. Mwisho wa kiangazi mpaka vuli ndo hatari, Oktoba 2018 kipimo cha maji cha Kaub, mji wa kwenye lile bonde, kilishuka mpaka sentimita 25, meli hazikuweza kupita kama kawaida. Ikitokea hivyo watu wanahamishwa kwa mabasi na mizigo, jambo ambalo kwa kijana ni usumbufu na kwa mama ni mateso. Kwenye hiyo imeili waulize wanafanyaje maji yakipungua na kama mtu anaweza kurudishiwa hela.

Visa moja ya Schengen inatosha njia nzima, Uswisi ikiwemo. Bima ya safari isomwe, magoti uyataje, usiyafiche. Na ukibuku ndege ya mama usiseme tu "anahitaji wilichea", sema hawezi ngazi, wataandika WCHS, alama ya mashirika ya ndege ya asiyeweza ngazi, maana wakiandika WCHR wanaelewa ngazi za ndege anapanda mwenyewe. Waambie angalau masaa 48 kabla, na siku ya safari piga simu tena uhakikishe iko kwenye tiketi, ya kwenda na ya kurudi.